Unit za LUKU zinaisha haraka: shida ni mita au nyumba?

Mpangaji_Mbagala: Wakuu, nyumba ina friji ndogo, TV, feni, taa 6 za LED na pasi. Umeme wa 10,000 unatoa unit 28 na wiki haiishi. Jioni friji inakoroma, halafu "tak", inazima. Mita mbovu au tunaibiwa?

Fundi_Waya: Usianze kuilaumu mita. Chomoa plagi zote, zima taa, main switch iache imewashwa. Tazama kitaa chekundu cha mita. Kikiendelea kupepesa, kuna waya uliochubuka darini au kwenye ukuta wenye unyevu, au kuna mtu kaunga laini baada ya mita. Zima breka moja moja. Ile itakayokituliza ndiyo yenye tatizo. Kisipotulia hata main switch ikizimwa, ripoti TANESCO, mita usiiguse.

Kikitulia, washa friji peke yake uhesabu. Mita iliyoandikwa 1000 imp/kWh (yaani mipepeso 1000 kwa unit moja) ikipepesa mara 2 kwa dakika ni wati 120. Hapo motor ya friji ikizunguka saa 24 bila kupumzika inakula karibu unit 3 kwa siku. Ikipumzika nusu ya muda, 1.4 tu.

Baridi_Kali: Na isipopumzika, mchawi huwa ni mpira wa mlango. Funga mlango na karatasi katikati, kisha ivute. Ikichomoka kirahisi, baridi inavuja. Hiyo "tak" ya jioni ni umeme mdogo: badala ya volti 230 unapata labda 180, motor inashindwa kuanza, inavuta ampea nyingi, overload (swichi ya kuilinda motor) inakata. Weka friji guard (kifaa cha kuilinda friji) yenye kuchelewesha umeme kurudi dakika 3 hivi, na achana na extension nyembamba.

Hesabu_Tupu: Unit 28 kwa 10,000 maana yake uko T1, kundi la bei ya kawaida: shilingi 292 kwa unit, ongeza VAT 18%, REA (umeme vijijini) 3% na EWURA (mdhibiti wa nishati) 1%, inafika 356. D1, kundi la bei nafuu, ni 100 kwa unit 75 za mwanzo wa mwezi, yaani 9,150 pamoja na makato. Ila ni ya watumiaji wadogo, kwa hiyo shusha kwanza matumizi hadi unit 2.5 kwa siku ndipo uombe kuhamishwa. Kodi ya jengo nayo hukatwa humo humo kwenye LUKU, usiihesabu kama umeme ulioliwa.

Mpangaji_Mbagala: Kitaa kimetulia. Karatasi inachomoka upande wa bawaba. Ninunue mpira mpya?

Baridi_Kali: Bado. Uoshe kwa maji ya moto na sabuni, uunyooshe kwa mkono ungali laini, ufunge mlango usiku kucha. Ukigoma, pima mlango urefu na upana kabla ya kwenda dukani.