Nimechomwa sindano za Kichina Hamburg, bima imegoma kulipa. Nifanyeje?

BintiPangani:
Wakuu, heshima zenu. Niko Hamburg mwaka wa nne, nafanya kazi nyumba ya wazee. Kumgeuza mtu mzima kitandani si mchezo. Kiuno kimenikamata tangu Novemba, huu mwezi wa saba, asubuhi navaa soksi nimelala chali. Vidonge vya maumivu vimeniharibu tumbo. Mwenzangu kazini akanipeleka kwa mama mmoja Heilpraktiker, yaani mtaalamu wa tiba asili, anafanya akupancha, hizo sindano za Kichina. Nimechomwa mara sita, euro 60 kila mara, na nafuu niliiona. Bili nikaipeleka Krankenkasse, bima yangu ya afya ya umma, maana kila mtu huniambia akupancha inalipiwa. Juzi barua imekuja: hawatoi hata senti. Euro 360 ndiyo zimekwenda hivyo? Nikate rufaa? Na nikitaka kuendelea nipitie wapi?

Mkwezi77:
Pole dada. Ulichoambiwa ni kweli, ila nusu. Bima ya umma inalipia akupancha tangu 2007 kwa mambo mawili tu: maumivu sugu ya kiuno na goti lililolika gegedu. Shingo, bega, kipandauso, hapo unajilipia. Maumivu yawe yamedumu angalau miezi sita, kwa hiyo wewe umeshafika. Ulipokwama ni kwa mchomaji: lazima awe daktari anayefanya kazi na bima, tena mwenye kibali cha akupancha. Heilpraktiker anaruhusiwa kisheria kuchoma, lakini si daktari. Kwa daktari mwenye kibali unapata mara 10, akiwa na sababu za kueleza mara 15, na hulipi kitu. Kadi tu.

Rufaa unayo mwezi mmoja tangu upate barua. Binafsi nisingepoteza stempu.

MamaWawili:
Kwanza, una ganzi miguuni au shida ya kuzuia mkojo? Kama ipo, achana na sindano, kimbia hospitali leo hii.

Kama haipo, sikiliza yangu. Mimi ni goti. Siku ya kwanza kliniki, yule dada wa mapokezi akanisogezea karatasi nitie sahihi. Nikaona neno Selbstzahler, yaani anayejilipia mwenyewe. Nikamwambia, goti hili linaniuma mwaka wa pili na kadi yangu hii hapa, najilipia nini? Akaichukua ile karatasi, akaingia ndani, akarudi mikono mitupu. "Keti, utaitwa." Ningetia sahihi ningelipa zote kumi. Karatasi za Wajerumani usizisaini kwa aibu.

ChumviKidogo:
Mimi ni mgumu wa kuamini haya mambo, lakini niwe mkweli. Kabla ya kupitisha bima ilipie akupancha, Wajerumani walifanya utafiti mkubwa, GERAC. Upande wa kiuno walikuwa wagonjwa 1,162. Baada ya miezi sita, kati ya kila 100 waliochomwa kwa utaratibu wa Kichina, kama 48 walikuwa na nafuu. Waliochomwa juujuu, mahali pasipohusika, 44. Waliopewa matibabu ya kawaida, 27. Maana yake kuchomwa kunasaidia, ila hadithi ya njia za nguvu mwilini mniachie. Mwombe daktari na fiziotherapia pia. Hiyo unachangia euro 10 kwa cheti pamoja na asilimia 10 ya gharama.

Mkwezi77:
Nimesahau: bili usiitupe. Gharama za matibabu zikizidi kiwango fulani cha kipato chako zinapunguza kodi. Na usikimbilie bima ya nyongeza leo, tatizo ulilokwisha anza kutibiwa hawaligusi.

BintiPangani:
Ahsanteni sana. Ganzi sina, mkojo uko sawa. Bili nimeitoa chini ya kopo la sukari, iko kwenye faili la kodi. Nimepiga simu kliniki tatu: mbili hawapokei wagonjwa wapya, ya tatu wamenipa tarehe 19 mwezi ujao. Nimeuliza mapema kabisa, daktari ana kibali cha bima? Dada wa watu akacheka, akasema ndiyo, njoo na kadi.

MamaWawili:
Hapo sawa. Vaa suruali pana, wanachoma mpaka nyuma ya goti. Na soksi siku hiyo ziache nyumbani.