Kuuza boti kuukuu ya matanga ya mashindano na safari: niiuze ilivyo, niitengeneze kwanza, nimpe dalali, au niivunje vipuri?

Mshika_Kana
Wakuu, naomba ushauri kabla sijaweka tangazo. Nina boti ya matanga ya faiba, futi 34, ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Iliundwa kwa mashindano, lakini ndani ina vitanda, jiko na choo, kwa hiyo safari za siku nyingi inazimudu. Ni ya enzi za IOR, kanuni ya zamani ya kupima boti za mashindano: tezi (sehemu ya nyuma) imebanwa, tanga kuu ni dogo, tanga la mbele ni kubwa mno. Mkuku, yaani uzito wa chini unaoizuia isipinduke, ni wa metali ya risasi. Ikienda joshi, yaani kuukabili upepo, sijaona boti ya kunipa raha kama hiyo, ila inataka mikono mingi, na wenzangu niliokuwa nikishindana nao wametawanyika.

Hali yake ni hii. Injini ya dizeli inawaka vizuri. Nyaya za mlingoti hazijabadilishwa tangu niinunue. Sitaha inabonyea kidogo upande wa kulia, karibu na bamba la chuma linaloshika nyaya. Matanga ya safari ya Dacron (kitambaa cha poliesta) ni mazima, yale ya mashindano, yaliyogandishwa tabaka juu ya tabaka, yameanza kubanduka. Chini ya mstari wa maji kuna malengelenge.

Nina njia nne kichwani: kuiuza ilivyo, kuitengeneza msimu mmoja ndipo niuze, kumpa dalali, au kuivunja na kuuza vipuri. Ninyi mngefuata ipi?

Fundi_Faiba
Mkuu, kabla ya kuchagua njia, jua kwanza ukubwa wa tatizo la sitaha, maana hilo ndilo litaamua mengine. Sitaha za boti za mashindano za miaka ile nyingi ni tabaka mbili za faiba zenye mbao nyepesi za balsa katikati. Maji huingia kwenye matundu ya bolti, balsa inalowa, kisha inaoza, na faiba ya juu inabaki haina cha kuishika. Gonga sitaha yote kwa mpini wa bisibisi. Penye uzima panalia mlio mkavu, penye kuoza panatoa mlio mzito uliokufa. Chora mpaka kwa chaki, halafu upige picha.

Ikiwa ni eneo dogo kuzunguka bamba moja, litengeneze. Fungua bamba, chokoa balsa iliyooza kutoka ndani ya tundu, acha pakauke kabisa, jaza epoksi iliyochanganywa na unga wa kuifanya nzito, toboa upya, rudisha bamba kwa gundi mpya ya kuzuia maji. Ikiwa limeenea hadi kwenye mlingoti, liache. Kazi hiyo ni ya kufumua sitaha, na hakuna mnunuzi atakayekurudishia gharama yake.

Zaidi ya sitaha, ingia ndani uangalie kiambaza (ukuta wa ndani wa boti) ambacho bamba hilo limefungiwa. Kama mbao zake zimekuwa nyeusi na laini, nyaya za mlingoti zinashikiliwa na kitu kisichoweza kuzishika. Boti ya namna hiyo usimpe mtu aipeleke baharini, hata kwa majaribio.

Malengelenge yasikunyime usingizi. Ni maji yaliyopenya ganda la nje na kukutana na kemikali zilizobaki ndani ya rezini ya poliesta. Boti nyingi zimeishi nayo kwa miongo. Kumenya ganda lote, kukausha kwa miezi na kupaka epoksi ni kazi ya mtu atakayebaki na boti.

Na tafadhali, usipake rangi mpya juu ya sitaha inayobonyea. Kipima unyevu cha mkaguzi hakidanganywi na rangi, na akigundua, mnunuzi hataamini tena lolote utakalomwambia.

Omo_na_Tezi
Mimi nasema iuze ilivyo, na iuze sasa. Watu wakipiga hesabu ya matengenezo husahau gharama za kungoja: maegesho, bima, kuipandisha nchi kavu, rangi ya chini ya kuzuia viumbe. Msimu mmoja wa "natengeneza kwanza" unaweza kula sehemu kubwa ya bei ya boti yenye umri huo. Isitoshe, boti kuukuu ikitengenezwa haigeuki mpya. Bei yake ina dari, na dari hiyo huwekwa na boti nyingine za umri na muundo uleule zinazouzwa wakati huo.

Kitu kimoja tu ningefanya: nyaya za mlingoti. Badilisha zote.

Kapi_na_Henza
Nakubaliana na Omo_na_Tezi kwa yote isipokuwa hilo la mwisho. Usibadilishe nyaya. Mnunuzi wa safari atataka nyaya za kawaida za chuma cha pua, wa mashindano huenda akataka fito za chuma. Ukiweka za aina moja umelipia uamuzi ambao ulikuwa wake. Mwite fundi wa milingoti, akupe makadirio ya gharama kwa maandishi, uyaweke kwenye faili la boti. Anayekuja kutazama anaona tatizo, anaona gharama yake, na mnaanza kuzungumza bei mkiwa na takwimu ileile mezani.

Omo_na_Tezi
Ndugu yangu, hoja yako ingesimama kama kila mnunuzi angekuwa na gari la kuvutia boti na uwanja wa kuiweka. Kampuni nyingi za bima hazikubali nyaya zenye zaidi ya miaka 10 hadi 15, au zinakubali boti lakini zinakataa kulipa mlingoti ukianguka. Mnunuzi asiyepata bima hapewi maegesho sehemu nyingi, na akikopa, mkopeshaji atadai bima hiyohiyo. Kwa hiyo hujapunguza bei tu, umewafungia mlango wanunuzi wengi kabla hawajafika.

Kapi_na_Henza
Hapo umenigusa. Basi Mshika_Kana aulize kwanza kampuni mbili tatu za bima kuhusu boti ya umri huu. Zikikubali kwa sharti la ukaguzi, abaki na makadirio yangu. Zikikataa kabisa, abadilishe, na ahifadhi risiti yenye tarehe. Ila kwa vyovyote vile apande, au apandishe mtu, akakague ncha za nyaya. Uzi mmoja uliokatika pale waya unapoingia kwenye kishikio cha chini unatosha kusema waya mzima umekwisha.

Mama_Joshi
Kaka Mshika_Kana, mimi nilikuwa upande wa pili: niliwahi kununua boti inayofanana na yako, baada ya kuzikataa nyingine. Niseme kilichonifanya nizikatae.

Hakikuwa umri, wala malengelenge. Moja nilikuta injini imeshapashwa moto kabla sijafika, na muuzaji hakutaka tuisubiri ipoe tuiwashe tena. Nyingine ilinuka ukungu tangu mlangoni, ngama (chini kabisa ya boti, maji yanapokusanyika) imejaa maji yenye mafuta, na makabati yamejaa vitu vya watu hata nisiweze kuona bolti za mkuku. Nikajiuliza, kama sehemu ninayoiona imeachwa hivi, je, nisiyoiona?

Niliyoinunua ilikuwa na orodha ndefu ya kasoro, na mwenyewe ndiye aliyeniandikia. Ilikuwa tupu, imeoshwa, ngama kavu, faili la risiti juu ya meza ya ramani. Tuliwasha injini ikiwa baridi, tukatweka matanga, akanipa kana, yaani mpini wa usukani. Pale bei haikuwa tena jambo gumu.

Kwa hiyo mimi naongeza njia ya tano: iuze ilivyo, lakini ikiwa safi, tupu, na inayoweza kutweka tanga siku hiyohiyo. Boti inayosafiri na boti iliyokaa juu ya magogo miaka miwili ni bidhaa mbili tofauti, hata kama kasoro zao ni zilezile.

Mkaguzi_Mstaafu
Mama_Joshi amenena. Kuhusu mkuku: risasi ni bahati kwako, haipati kutu kama chuma cha kusubu. Lakini bolti zake zikiwa za chuma cha pua, zinaweza kuliwa pale maji yalipotuama bila hewa, katikati kabisa ya maungio, mahali usipopaona. Ukiipandisha nchi kavu tazama mstari wa maungio upande wa mbele wa mkuku. Ufa mwembamba wa rangi si ajabu. Ufa unaochuruzika maji siku kadhaa baada ya kupandishwa ni habari nyingine. Ndani, tazama mbavu za sakafu zinazobeba bolti hizo, hasa za nyuma, ambako nguvu ya kugonga mwamba au fungu huishia. Boti ya mashindano hukatiza karibu na mafungu kuliko boti nyingine, na mkaguzi wa mnunuzi analijua hilo.

Je, ulipie ukaguzi wako kabla ya kuuza? Mnunuzi makini ataleta wake hata hivyo. Faida yako ni kutopigwa na jambo usilolijua siku ya mapatano. Kwa boti ya bei ndogo, saa mbili za fundi mwaminifu zinatosha.

Dalali_wa_Vyombo
Niseme wazi kwamba hii ndiyo kazi yangu. Malipo ya dalali mara nyingi ni karibu asilimia 10 ya bei, na wengi tuna kiwango cha chini ambacho hatukishuki. Kwa boti rahisi kiwango hicho kinaweza kuwa sehemu kubwa ya unachopata, basi hapo uza mwenyewe. Dalali anafaa unapokuwa mbali na boti, au mnunuzi yuko nchi nyingine, au karatasi za umiliki zina pengo linalohitaji kufuatiliwa.

Ukiuza mwenyewe, fuata mpangilio uleule tunaoufuata sisi: mkubaliane bei kwa maandishi, upokee arubuni, kisha ukaguzi na safari ya majaribio kwa gharama ya mnunuzi, kisha akubali, akatae au muongee upya, ndipo malipo ya mwisho na hati ya mauzo. Andikeni mapema ni katika hali gani arubuni inarudishwa. Ugomvi mwingi niliousuluhisha ulizaliwa hapo.

Mshika_Kana
Asanteni sana wote. Hakuna aliyegusa njia ya vipuri. Na swali jingine: niitangaze kama boti ya mashindano au ya safari?

Chuma_na_Tanga
Vipuri nimevifanya. Winchi, mlingoti, injini, matanga mazima na risasi ya mkuku vinauzika. Tatizo ni kinachobaki. Ganda la faiba halinunuliwi na mtu, haliozi, na halichomwi hovyo. Ufaransa tangu 2019 ina mpango wa kitaifa wa kubomoa boti zilizochoka, lakini sehemu nyingi mwenye chombo ndiye anayelipia kukibomoa na kukizika. Ongeza miezi ya kujibu watu wanaotaka kapi moja moja. Boti inayoelea na kusafiri usiivunje.

Na usimpe mtu bure ili mradi iondoke. Asipobadilisha usajili, kisha akaitelekeza, mamlaka itakuja kwako.

Kapi_na_Henza
Kuhusu soko, wa mashindano hawatakulipa sana. IOR imeshapita, siku hizi boti kama yako hupangiwa uwiano (nyongeza au punguzo la muda ili boti tofauti zishindane kwa haki) chini ya mifumo ya IRC au PHRF, na anayetaka kushinda anahesabu gharama ya matanga mapya kabla ya bei ya boti. Soko la mashindano huwa imara kwa boti zenye kundi lake, kama J/24 ya Rod Johnstone ya 1977, ambayo hadi leo hushindana zenyewe kwa zenyewe. Nyingine hubebwa na sifa ya bahari mbaya. Contessa 32, boti ya futi 32, inaheshimiwa hadi leo kwa sababu katika Fastnet ya 1979, mashindano ya matanga kutoka Uingereza hadi mwamba wa Fastnet karibu na Ayalandi na kurudi, dhoruba iliyoua washindani 15, Contessa iitwayo Assent ndiyo pekee ya daraja lake dogo iliyomaliza.

Wewe tangaza kwa msafiri anayependa kasi. Matanga ya Dacron yaweke mbele kwenye picha. Yale yaliyobanduka yataje kama nyongeza bila kuyapa thamani. Mwambie pia kwamba boti za tezi nyembamba hutikisika sana zikikimbia na upepo wa nyuma kwa spinaka (tanga kubwa la mbele linalovimba kama puto), ili asije akaligundua akiwa na watoto ndani.

Mshika_Kana
Nimeelewa. Nitauliza bima wiki hii. Nitaitoa vitu vyote, nitakausha ngama, nitaandika kasoro zote kwenye ukurasa mmoja na kuuweka ndani ya tangazo lenyewe. Nauza mwenyewe, ikiwa majini, matanga yakiwa yamefungwa tayari. Sitaha nimeigonga jana jioni: mlio mzito uko upande wa kulia tu, upana wa viganja viwili.

Fundi_Faiba
Viganja viwili ni kazi ya siku chache zisizo na mvua, itengeneze. Lakini kabla hujafungua bamba, legeza nyaya za upande huo na uushikilie mlingoti kwa henza (kamba ya kutwekea tanga) iliyofungwa ubavuni. Halafu tuma picha ya kiambaza cha ndani, karibu na bolti, taa ikimulika kwa ubavu ili tuone kama mbao zimevimba.