Vitabu vya darasa la kwanza vimefungiwa stoo miaka miwili, sasa mchwa wamevila. Nimechoka!

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira tangu Jumanne, kwa hiyo nikirukaruka mnivumilie.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, shule ya msingi ya serikali, kijijini Kanda ya Ziwa. Shule siitaji na halmashauri siitaji, naomba msiulize. Huu ni mwaka wa 11 kazini, na 8 kati ya hiyo nimefundisha darasa la kwanza tu. Nina watoto 117 katika chumba kimoja. Uwiano tunaoambiwa kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Hilo nimeshalizoea, silo lililonileta hapa.

Jumanne nilitumwa stoo kuchukua majembe ya bustani. Nyuma ya majembe kuna maboksi matatu yaliyopandishana. Nikashika la chini nilisogeze, sehemu ya juu ikaja mikononi, ya chini ikabaki sakafuni. Mchwa. Vitabu vya juu vilionekana vizima, jalada linang'aa kama vimeshushwa jana. Ukifungua katikati unakuta udongo. Kurasa zimekuwa tope kavu, picha za rangi zimeliwa, umebaki uzi wa kushonea. Nilikaa chini palepale sakafuni nikalia. Siwafichi.

Maboksi hayo yalikuja Januari ya mwaka juzi. Nakumbuka kwa sababu nilisaidia kuyashusha kwenye gari. Ndani kulikuwa na vitabu 240 vya hadithi fupi vya darasa la kwanza na la pili, kadi za herufi, kadi za silabi, na chati kubwa za picha za Afya na Mazingira. Siku ileile nilimfuata mwalimu mkuu, nikamwambia, "Mkuu, nipe hata hamsini nikatengeneze kona ya kusomea." Akanijibu, "Madam, hivi vina leja. Kikipotea kimoja nitakayejibu ni mimi. Tusubiri kwanza kabati."

Kabati halijaja mpaka leo.

Maboksi yamefunguliwa mara mbili tu, zote kwa sababu ya wageni. Mara ya pili tuliambiwa tugawe vitabu madarasani kabla gari halijafika. Watoto walivipokea kama mtu anavyopokea kifaranga, kwa mikono miwili. Mmoja alikinusa. Wakaanza kuoneshana picha na kubishana huyu ni fisi au mbwa, kelele tamu ambayo mwalimu wa darasa la kwanza anaisubiri mwaka mzima. Wageni wakapiga picha, wakasaini kitabu cha wageni, wakaondoka. Nikaagizwa nikusanye, nihesabu, nirudishe. Kikapungua kimoja. Binti mmoja wa mbele alikuwa amekikalia chake, amefunika na sketi, ananitazama. Nilikivuta kwa mikono yangu hii. Nikifumba macho hadi leo ninamwona.

Sasa niwaeleze kwa nini hili linaniuma kuliko mshahara.

Mwezi wa sita niliandika ubaoni: Mama anapika ugali. Baba analima shamba. Kaka anachunga mbuzi. Nikapita na fimbo neno kwa neno, darasa zima likasoma kwa sauti moja. Ukiwa umekaa nyuma unaandika kwenye ripoti yako kwamba wanasoma vizuri. Nikapata wasiwasi. Nikafuta neno "mbuzi", nikaandika "maji". Wakasoma, kwa sauti ileile: kaka anachunga mbuzi. Nikafuta sentensi yote, nikaweka fimbo kwenye ubao mtupu. Wakasoma tena! Kaka anachunga mbuzi. Nilikuwa nimewafundisha wimbo, miezi mitano.

Walimu wenzangu wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wananielewa. Tangu mtaala wa 2015 tunaanza na sauti ya herufi, kisha silabi, kisha neno. Njia hiyo ni nzuri, ninaiamini, nimeona ikifanya kazi. Lakini inataka mtoto ashike kitu. Ashike kadi ya "m", aisogeze kwenye kadi ya "a", aseme "ma", aichomoe "m", aweke "b", asikie kilichobadilika. Hilo halifanyiki kwa watoto 117 kutazama ubao mmoja uliochakaa, ambao wa dawati la mwisho wanauona kama ukuta. Halafu wengi wao nyumbani wanaongea Kisukuma. Mbuzi kwao ni mbuli. Neno "mbuzi" peke yake ubaoni halina maana kwake, ni michoro tu. Picha ya mbuzi juu ya neno ndiyo inayomvusha. Picha hizo nilikuwa nazo, hatua hamsini kutoka darasani, nyuma ya kufuli.

Na chati za Afya na Mazingira ndizo zinazonitia uchungu zaidi. Kunawa mikono tumejipanga wenyewe: kibuyu chirizi, dumu la lita 5, kamba, mti wa kukanyagia, sabuni iliyotobolewa inaning'inia. Hakigharimu kitu, watoto wenyewe wanajaza maji kwa zamu. Lakini kuna chati moja inayomfundisha mtoto sehemu za mwili wake ambazo mtu hapaswi kugusa, na akiguswa amwambie nani. Chini yake imeandikwa 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto, kupiga ni bure. Chati hiyo ilikuwa imekunjwa na kufungwa mpira tangu ije. Mimi namba hiyo nimewaandikia mlangoni kwa chaki. Mvua ikipiga inafutika, naandika tena. Hivi kuna mtu anaweza kunieleza chati ya namna hiyo inatunzwa kwa ajili ya nani?

Mtasema nitengeneze zana mwenyewe. Natengeneza! Kwenye MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, tunafundishana kutumia vitu vya mazingira yetu na sijawahi kukataa. Vizibo vya soda naokota, maboksi ya sabuni nakata kadi, vijiti vya kuhesabia watoto wanaleta. Karatasi ya manila hapa kwetu ni sh 1,000, maka peni 1,500, natoa mfukoni. Kadi ya boksi inakaa muhula mmoja, jasho na vumbi vinaimaliza. Kitabu cha hadithi chenye picha za rangi siwezi kukitengeneza kwa boksi la sabuni.

Na kununua vingine haiwezekani. Elimu bila malipo ilivyoanza Januari 2016, ruzuku ikawa inakuja moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, na hilo ni zuri. Ila kiwango ni sh 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, kiwango cha tangu enzi za MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi), miaka ya 2002 huko, ambapo ilikuwa sawa na dola 10. Hapo 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 inashuka shuleni. Gawanya kwa miezi 12. Ni sh 500 kwa mtoto kwa mwezi, humo kuna chaki, rimu, mitihani, na kitasa kikivunjika. Kwa hiyo shule yenye sh 500 kwa mtoto inapopata vitabu 240 bila kulipa hata senti, inavifungia vikaliwe na wadudu!

Mwalimu mkuu si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Anaogopa hoja ya ukaguzi. Mwenzake wa kata ya jirani aliambiwa alipe vitabu vilivyopotea, na kila mwalimu mkuu wa huku anaijua hadithi hiyo. Leja ina safu ya vilivyopokelewa, vilivyotolewa na vilivyobaki. Hakuna aliyemfundisha aandike nini kitabu kikichakaa kwa kusomwa. Basi akaona salama yake ni visitoke.

Lakini sikilizeni kilichotokea Jumanne hiyohiyo jioni. Tulihesabu. Vitabu 163 vimeisha. Akafungua leja, akaandika mstari mmoja, "vimeharibiwa na mchwa, 163", akapiga mhuri. Basi. Hakuna aliyeitwa, hakuna aliyelipa. Mtoto wangu angechana ukurasa mmoja kwa vidole vyake akijifunza kufungua kitabu, mzazi angeitwa shuleni. Ndipo hasira ikanipanda kweli.

Nilimwambia mbele ya walimu wenzangu, kwa heshima lakini kwa sauti: vile 77 vilivyobaki navichukua, nasaini kwa jina langu, vikipotea nikatwe mimi. Akanyamaza kidogo, akanipa kalamu.

NYONGEZA, saa nne usiku. Nimesoma majibu yenu, asanteni.

Mnaosema nipakue vitabu kwenye Maktaba Mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania): vipo, ni bure, nimevipakua vingi na vinanisaidia kuandaa somo. Ila nina simu moja na watoto 117, na umeme umefika ofisini tu. Wazazi wengi wana simu ya kitochi, haifungui vitabu.

Aliyesema mkuu wangu achukuliwe hatua: siutaki huo ushauri. Akija mwingine naye atafunga, kwa sababu hofu ni ileile. Hawa watoto mwakani, wakiwa darasa la pili, wanapimwa KKK. Matokeo yakiwa mabaya ataulizwa mwalimu wa darasa, hataulizwa mwenye ufunguo.

Aliyeuliza navitunza vipi: nimefunga kamba ya katani kutoka dirisha hadi dirisha, vitabu vinaning'inia kwa vibanio vya nguo, usawa wa mkono wa mtoto. Vibanio nimenunua dazani mbili, vilivyobaki tunavitandika kamba tu katikati ya kurasa. Viranja wawili wanahesabu asubuhi na mchana. Tangu Alhamisi havijapungua. Kimoja kimechanika jalada, nimekishona.

Ijumaa binti mmoja alibaki wakati wenzake wametoka mapumziko. Ameweka kidole chini ya neno, midomo inatembea. M. Mbu. Mbu-zi. Akatazama picha, akarudi kwenye neno, akanigeukia: "Madam, mbuli?" Nikamwambia ndiyo, mbuli. Akafungua ukurasa wa pili.

Ninachohitaji kwenu ni kimoja. Mwenye nakala ya waraka au mwongozo wowote wa serikali unaoeleza jinsi ya kufuta kwenye leja vitabu vilivyochakaa kwa matumizi ya darasani, naomba apige picha aiweke hapa, na muhuri uonekane. Maafisa elimu kata mko humu, wathibiti ubora mko humu, wahasibu wa halmashauri mko humu. Mwalimu mkuu ameniahidi kwamba akiuona kwa maandishi, vitabu vinabaki darasani na chati zilizopona zinabandikwa ukutani. Asipouona, vinarudi stoo Ijumaa ijayo.