Mada: Kunguni: vipele si ushahidi, tafuta madoa

Ndugu zangu,

Maswali ya kunguni karibu yote huja na picha ya mkono wenye vipele. Picha hiyo haitoshi. Kwa kuangalia ngozi peke yake, hata daktari hawezi kuthibitisha kwamba ni kunguni na si mbu, viroboto au mzio. Wapo watu wanaoumwa kila usiku na ngozi isioneshe kitu. Wengine huvimba baada ya siku kadhaa, pengine hata wiki 2. Ndiyo maana wawili hulala kitanda kimoja, mmoja anajikuna hadi asubuhi na mwenzake anaapa hakuna mdudu humo. Halafu vipeperushi vingi huonesha vipele vyekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi mara nyingi ni kivimbe kinachowasha chenye rangi ya zambarau au cheusi kuliko ngozi yenyewe, na kikipona huacha doa. Usipoona wekundu, usijifariji.

Ushahidi uko kitandani. Anza na madoa ya kinyesi, kwa sababu huonekana mapema na hayakimbii. Ni vidoa vyeusi au vya kahawia iliyoiva, vya milimita 1 hivi, kwa kawaida vikiwa vimejikusanya mahali pamoja. Kwenye kitambaa hupenya na kusambaa kingo, kama ncha ya maka peni iliyoachwa ikigusa shuka. Kwenye mbao zilizopakwa vanishi huwa kama vinundu vilivyokauka. Lowesha pamba, isugue juu ya doa: kinyesi cha kunguni huchafua pamba kwa rangi ya kahawia yenye wekundu, maana ni damu iliyosagwa. Uchafu wa mende ni chembe ngumu zinazobanduka zikiwa kavu.

Kinachofuata ni maganda. Kunguni mchanga hupitia hatua 5 kabla ya kukomaa, na kila hatua huvua ganda moja, jepesi, la rangi ya asali, lenye umbo lilelile la mdudu. Mayai ni meupe, milimita 1, yamegandishwa kwenye nyufa. Usipokuwa na lenzi utayapita. Mdudu mzima ana milimita 5 hadi 7, bapa, wa kahawia, hana mabawa ya kurukia. Akishiba hurefuka na kuwa mwekundu. Mtoto aliyetoka tu kwenye yai ana milimita 1.5 na hajakolea rangi, kwa hiyo kwenye shuka nyeupe haonekani mpaka anywe damu. Matone ya damu kwenye shuka ni dalili dhaifu, kwani hata chunusi iliyopasuka huacha tone. Na msisubiri harufu. Ile harufu nzito yenye utamutamu huja wakiwa wameshajaa.

———

Jibu: Kunguni: vipele si ushahidi, tafuta madoa

Asante kaka. Naongeza namna ya kukagua, maana wengi hufunua shuka, wakatazama juu ya godoro, wakasema kumesalimika. Juu ya godoro ndipo mahali pa mwisho pa kuwakuta mchana.

Tayarisha tochi yenye mwanga mkali, kadi ngumu ya plastiki ya zamani, bisibisi, seloteipu pana inayoonesha na mfuko wa plastiki unaofungika. Vua matandiko taratibu ukiyakunjia ndani, yaingie moja kwa moja kwenye mfuko. Usiyakung'ute. Kisha pita kwenye mshono wote wa godoro, pande zote mbili, ukifunua ule ukanda wa pembeni kwa kidole na kupitisha kadi chini yake. Pembe 4 za godoro, mishikio na lebo ya kiwandani zipewe muda zaidi. Simamisha godoro, uangalie upande wa chini.

Sasa kitanda chenyewe. Ondoa chaga, utazame ncha zake pale zinapokalia fremu. Mulika matundu ya skrubu na viungo. Ubao wa kichwani ung'olewe ukutani ikiwezekana, kwa maana nyuma yake ndipo wanapopenda kuliko pote: ni giza, hapasogezwi, na kichwa cha mtu kiko karibu. Kitanda chenye boksi la kitambaa chini ya godoro kina kitambaa chembamba kilichopigwa pini kwa chini. Bandua pini chache, uingize tochi. Baada ya hapo panua mduara hadi mita 2 hivi kutoka kitandani: droo ya pembeni (itoe, uipindue), ubao wa chini ya ukuta, mikunjo ya juu ya pazia, nyuma ya picha, mishono ya kochi ambalo mtu hulalia. Ukimwona mdudu, mnase kwa seloteipu bila kumponda. Aliyepondwa hatambuliki.

Wanaofananishwa nao zaidi ni viroboto, ambao wamebanwa ubavuni, huruka, na hupendelea kuuma vifundo vya miguu. Mwingine ni buu wa mbawakawa wa zulia, mwenye manyoya na milia. Yeye hang'ati, ila manyoya yake huwasha ngozi, na maganda yake yenye manyoya yamewaponza watu wengi kulipia dawa wasiyoihitaji.

———

Jibu: Kunguni: vipele si ushahidi, tafuta madoa

> ndipo mahali pa mwisho pa kuwakuta mchana

Sawa dada. Ila kuna jambo linalowachanganya waliohamia nyumba yenye samani: madoa na maganda hubaki hata kunguni wakishauawa. Kwa hiyo piga picha kwanza, zenye tarehe, halafu futa madoa yote kwa maji ya sabuni na uokote maganda. Rudi kukagua kila wiki. Doa jipya mahali ulipofuta maana yake wapo hai.

Pia tega visahani chini ya miguu ya kitanda. Ni vya plastiki, vina kuta mbili: nje pamekwaruza ili mdudu apande, ndani panateleza ili asitoke. Aliyenaswa kwenye mfereji wa nje kwa kawaida alikuwa anatoka kwingine chumbani akielekea kitandani. Wa ndani alikuwa anashuka kitandani. Visifanye kazi bure: sogeza kitanda sentimita 15 kutoka ukutani na shuka isiguse sakafu. Vumbi likijaa hawatelezi tena, kwa hiyo pangusa na upake poda nyepesi. Na mtu aendelee kulala hapo, kwa sababu wanafuata joto na pumzi. Ukihamia sebuleni watakufuata, nawe utakuwa na vyumba viwili vya kutibu.

Mkishathibitisha, msinunue yale makopo ya kulipua moshi chumbani. Dawa haiingii kwenye nyufa, na wadudu hutawanyika. Kunguni wa sehemu nyingi wameshazoea dawa za jamii ya pairethroidi zinazouzwa madukani. Mafuta ya taa na spiriti ni kuchoma nyumba. Mwandikieni mwenye nyumba siku hiyohiyo, kwa maandishi, mkiambatanisha picha na yule mdudu wa kwenye seloteipu. Nani alipe hutegemea sheria za mnapoishi, lakini kuchelewa kutoa taarifa kunaweza kuharibu kesi yenu. Jike hutaga mayai 1 hadi 5 kwa siku, na chumba kikiwa na joto yai hukomaa kuwa mdudu mzima ndani ya wiki 5 au 6.

———

Jibu: Kunguni: vipele si ushahidi, tafuta madoa

Kwa ufupi kuhusu nguo, kabla hamjazitupa: mashine ya kukausha kwenye moto wa juu, dakika 30 tangu nguo zipate moto, huua hata mayai, mradi usiijaze. Kufua kwa nyuzi 60 pia kunafaa. Visivyofulika viingie friza ya nyuzi -18 kwa siku 4 kamili, vikiwa kwenye mfuko uliofungwa. Friza isiyofika baridi hiyo haiwaui. Na godoro mkilitoa nje, lifungwe plastiki tangu chumbani na liandikwe KUNGUNI kwa herufi kubwa, la sivyo kabla ya jioni mpangaji mwingine wa jengo lenu atakuwa ameshalipandisha ngazi.