Naomba ushauri: naandika maisha ya bibi, miaka inanichanganya

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naandika maisha ya bibi yangu nikiyapanga sambamba na mambo ya nchi yetu, Tanzania. Ana miaka 83 na hahesabu kwa tarehe. Mama yangu alizaliwa "mwaka tuliohamishwa". Mimi nahisi ni 1974, Operesheni Vijiji, ile kampeni ya serikali ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, ilipopamba moto, lakini wapo waliohamia vijiji vya ujamaa mapema zaidi, baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967. Mama hana cheti cha kuzaliwa. Nitajuaje?

Kinachoniumiza zaidi ni habari ya mjomba, kifungua mimba wa bibi. Alikwenda Vita vya Kagera, vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, mwishoni mwa 1978, hakurudi. Kampala ilipoanguka Aprili 1979 watu walishangilia kijiji kizima, bibi akabaki na redio mapajani akisubiri kusikia jina la mwanawe. Shati lake la kaki bado analo, amelikunja kwenye sanduku la bati. Nikigusa habari hiyo ananyamaza, anavuta ungo na kuanza kuchambua tena mchele alioumaliza kuchambua.

Mlioandika historia za familia zenu, niendelee kumuuliza au nimwache? Naogopa kumtonesha kidonda, na naogopa vilevile asije akaondoka nayo. Je, nikianza na wenzake mjomba walionusurika, nitakuwa nimemzunguka bibi? Naombeni sana mawazo yenu, maana Jumamosi narudi kwake.