Fundi ametoboa chesisi yangu yote halafu ananiambia "lazima ipumue"!!!

Spana13:
Wadau, naandika mikono ikitetemeka. Yule fundi mnamjua. Simtaji, lakini mnamjua: yule ambaye kwake kila kitu ni "hiyo kazi ndogo, mkubwa".

Chesisi, yaani fremu ya chuma ya gari langu la kuunganisha mwenyewe kutoka vipande, lile la mtindo wa Lotus Seven, kigari cha michezo cha Waingereza, imetoka juzi tu kupakwa rangi ya unga. Nyeusi, laini, imeokwa kwenye joto la karibu nyuzi 200. Kazi niliyompa ni moja: atoboe matundu ya klipu za paipu ya breki pale nilipoweka alama ya chaki. PALE NILIPOWEKA ALAMA. Natoka kujibu simu, narudi, jamaa ametoboa upande wa pili wote, kutoka mbele mpaka kwenye tangi. Chujio la chai lina chuma kingi kuliko gari langu sasa.

Na si hilo lililoniua. Nikamuuliza, "Fundi, hii ni nini?" Akapuliza vumbi la chuma kwenye ncha ya drili, taratibu, akaniangalia usoni, akasema: "Chesisi nayo lazima ipumue, mkubwa."

IPUMUE! Chuma! Ipumue!

Hizi ni paipu za mraba za milimita 25, ukuta wake milimita 1.6 tu, na tundu moja amelipiga ukingoni kabisa, upana wa kidole kutoka pale mkono wa sasipensheni unaposhikilia. Nguvu zote za gurudumu zinapita hapo! Rangi imebanduka kuzunguka kila tundu, chuma kiko wazi, na mvua za Nairobi mnazijua. Kutu itatambaa chini ya rangi na mimi sioni kitu. Yeye ananiletea kopo la puti. Puti! Tena anadai pesa ya ziada, eti matundu yamezidi tuliyokubaliana! Nimekosa neno. Ipumue. Mtu mzima, drili mkononi.

Mama_Kuku_Kayole:
Nimecheka mpaka chai imenitoka puani. IPUMUE 😂😂 Pole lakini.

Grogan_Original:
Umemwachia drili yenye umeme ukaenda kupiga soga kwa simu, sasa unalia nini?

Spana13:
Chaki NYEUPE juu ya rangi NYEUSI! Zile alama zinaonekana kutoka Ngong!

Welda_Kariobangi:
Puti tupa. Inaficha tu, kutu inaendelea chini yake. Matundu madogo ya katikati ya paipu hayana shida kubwa: toa ncha kali, piga msasa ukingo, praima ya epoksi, rangi, halafu ziba kwa riveti iliyofungwa nyuma au kizibo cha mpira. Ndani ya paipu nyunyiza nta ya kuzuia kutu, maana maji yakishaingia humo hayatoki. Lile la karibu na sasipensheni lichomelewe. Kwangua rangi kwanza mpaka chuma king'ae, ukichomelea juu ya rangi unavuta moshi wa sumu na weldi inatoka na mapovu. Na asichomelee yeye.

Msafiri_Thika_Road:
Gari la kuunganisha, na matuta haya yetu? Lotus Seven ilipotoka 1957, Waingereza waliinunua vipandevipande kukwepa kodi. Wewe unakwepa nini? Nunua Probox ulale.

Spana13:
Sijauliza habari za Probox! Mtu ameniambia chuma kinapumua!

Mzee_wa_Geti:
Afadhali wewe. Mimi fundi amenichomelea geti, bawaba ameziweka kinyume, sasa linafungukia barabarani. Kila asubuhi nagombana na bodaboda.

Mama_Kuku_Kayole:
Geti ni nini? Wangu alinijengea stendi ya tangi la maji, imeinamia kwa jirani. Tangi likijaa, jirani anaanua nguo mbio. Na fundi hashiki simu tangu Pasaka.

Grogan_Original:
@Mzee_wa_Geti hilo geti ni shiti ya geji ngapi? Nataka la kwangu, ila fundi asiwe huyo.

Mzee_wa_Geti:
Geji 16. Shiti nzuri, ni bawaba tu. Nitakutumia picha jioni.

Spana13:
TUNAONGEA CHESISI HAPA!

Msafiri_Thika_Road:
Mzee, nami nitumie hiyo picha ya geti.