Asumini, mkilua, mlangilangi: tupeane uzoefu wa maua ya harufu nyumbani

Mche wa asumini hununuliwa umejaa maua, ukifika nyumbani unageuka kichaka cha majani. Wajuzi, tuelezane. Hadithi ndefu tuziache.

TANGA: Naanza na kuotesha mche. Chukua tawi la asumini lililoanza kukomaa, si lile laini la nchani wala lililogeuka mti. Sentimita 12 hadi 15, vifundo vitatu, mkato upite chini kidogo ya kifundo. Bakiza majani mawili ya juu, nayo uyakate nusu. Mchanga wa mto na mboji, nusu kwa nusu. Fukia kifundo kimoja au viwili, funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, kizibo kitoe, weka kivulini. Mizizi huchukua wiki 4 hadi 6. Kivute kijiti taratibu: kikigoma, kimeshika. Anayeking'oa kuchungulia anakata mizizi michanga, aanze upya.

MOMBASA: Majani matupu sababu yake kubwa ni kivuli. Asumini inataka jua la saa 6 kwa siku. Ya pili ni urea na samadi nyingi ya kuku. Ya tatu ni woga wa mkasi! Ua hutoka kwenye chipukizi jipya, basi msimu ukiisha punguza kila tawi kwa theluthi. Na huku kwetu kwenye mawe ya matumbawe, majani machanga yakiwa manjano huku mishipa ni kijani, chokaa imezuia madini ya chuma. Kumwagia maji zaidi hakusaidii. Hamishia kwenye chungu chenye udongo mwekundu na mboji.

DODOMA: Chungu kiwe na kipenyo cha sentimita 30 au zaidi, chenye matundu. Kiangazi angalia chini ya majani, vinyuzi vyembamba ni utitiri. Pulizia maji kwa nguvu upande huo. Vidung'ata vyeupe (wadudu wadogo kama pamba), pulizia kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, jioni, jua likishapoa.

SWALI: Uani kwangu jua ni la asubuhi tu. Nipande nini?

UNGUJA: Panda mkilua, ndugu yangu, huo asili yake ni chini ya miti mikubwa, kivuli haukiogopi. Mlangilangi unataka jua, na usiuhamishe ukishakua, mzizi wake mkuu ukikatika unadumaa. Ukifika mita 2 ukate kilele, la sivyo maua utayanusa kwa mbali tu. Yachume alfajiri yakiwa manjano; ya kijani bado hayajakolea harufu. Asumini ya kikuba (kishada cha maua ya kuvaa) ni kinyume chake: chuma alasiri, matumba meupe yaliyojaa lakini yamefumba, uyaviringe kwenye kitambaa chenye unyevu. Yatafunguka yenyewe usiku.

TANGA: Na mkadi (mti wa pwani wa majani marefu yenye miiba) omba chipukizi la mti dume, ndio wenye ua la harufu. Upande mbali na njia ya watoto, miiba yake haina mchezo.